Kuponya mgawanyiko wa rangi: kwa nini tamasha la umoja lingoje

SWALI: Katika mji wetu tumeunda kamati ya watu 12 kutoka jamii mbili za rangi tofauti, zilizotengana tangu enzi za babu zetu. Sheria za ubaguzi zilifutwa zamani, lakini bado tunaishi mitaa tofauti, tunasali mbalimbali na watoto wetu hawachezi pamoja. Tunafikiria kuanza na tamasha la umoja na semina ya siku moja. Je, kinachohitajika hasa ni nini ili kidonda hiki kipone? Na tuwajibu vipi wanaosema, "Mimi sijawahi kumbagua mtu"?

JIBU: Ndugu msomaji, tamasha lisogezeni mbele, hata kwa mwaka mmoja na nusu. Ngoma na furaha ya pamoja havina ubaya wowote. Tatizo ni mpangilio. Mgawanyiko wa rangi huanzia kwenye vitu vinavyoshikika, yaani nani ana ardhi, nani anakopesheka, mtoto wa nani anasoma wapi, halafu ndipo huingia moyoni na kujitafutia sababu. Kamati nyingi huifuata njia hiyo kinyumenyume. Huanza na mioyo zikitumaini kwamba mengine yatajipa, na matokeo yake watu hukumbatiana Jumamosi, Jumatatu kila mmoja akarudi kwenye foleni yake ileile.

Tazameni mgawanyiko wenyewe ulivyojengwa. Afrika Kusini, sheria ya ardhi ya mwaka 1913 iliwatengea weusi, ambao ndio waliokuwa wengi, takriban asilimia 7 ya ardhi ya nchi. Mwaka 1936 kiwango kikapandishwa hadi kama asilimia 13. Mwaka 1950 ikaja sheria ya kumwandikisha kila mtu kwa rangi yake, na mwaka huohuo nyingine ya kugawa makazi kwa rangi. Kwa sheria hiyo ya makazi, mtaa wa District Six mjini Cape Town ulitangazwa mwaka 1966 kuwa wa weupe peke yao, na watu wapatao 60,000 wakahamishwa. Marekani walipitia zaidi kwenye makaratasi. Katika miaka ya 1930 shirika la serikali la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji, na mitaa waliyokaa weusi ikapakwa rangi nyekundu, maana yake ni hatari kukopesha huko. Ubaguzi katika makazi ulipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1968. Lakini familia iliyopata mkopo mwaka 1940 ilikuwa imeshakaa miaka 28 ndani ya nyumba yake, thamani imepanda, watoto wamesomeshwa kwa dhamana ya nyumba hiyo, na sasa inarithishwa. Aliyenyimwa mkopo alikuwa akilipa kodi ya pango muda wote huo. Kufuta sheria hakumrudishii miaka hiyo.

Ndiyo maana ule msemo wa "yaliyopita si ndwele, tugange yajayo" hutumika vibaya sana kwenye mikutano ya namna yenu. Yanayoitwa yaliyopita yamo kwenye hati za nyumba za leo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupima. Chagueni maeneo matatu tu, kwa mfano ajira katika taasisi kubwa za mji, uandikishaji na adhabu shuleni, na mikopo au upangaji wa nyumba. Kwa kila eneo ombeni takwimu za miaka 5 zilizochanganuliwa hatua kwa hatua. Kwenye ajira msiridhike na idadi ya walioajiriwa. Takeni walioomba, walioitwa kwenye usaili, waliopewa kazi, na waliokuwa bado kazini baada ya miaka 2. Tuseme waombaji ni 200 wa jamii moja na 200 wa nyingine. Walioitwa ni 60 na 30. Waliopata kazi ni 12 na 6. Mkitazama 12 na 6 peke yake mtakimbilia kuwafundisha wasaili adabu. Hesabuni tena: kwenye chumba cha usaili kila jamii imepata mmoja kati ya watano, sawasawa kabisa. Mlango uliofungwa ni wa kuchambua barua za maombi. Dawa basi iende huko: majina yafichwe kwenye barua, vigezo viandikwe kabla bahasha ya kwanza haijafunguliwa, na watu wawili wapige alama kila mmoja peke yake kabla ya kulinganisha.

Makosa mawili hujitokeza hapa. La kwanza ni idadi ndogo. Walioomba wakiwa 8 kwa mwaka, msitoe hukumu. Unganisheni miaka au taasisi kadhaa. La pili ni kukata tamaa takwimu zikikosekana. Ufaransa, kwa mfano, serikali haihesabu watu wake kwa rangi, na bado ubaguzi wa ajira hupimwa kwa wasifu pacha: wasifu wa aina mbili zinazolingana elimu na uzoefu, kinachotofautiana ni jina tu. Wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walifanya hivyo Boston na Chicago, wakatuma wasifu karibu 5,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Mwenye jina linaloonekana la mweupe alihitaji kutuma wasifu 10 hivi ili apigiwe simu moja. Mwenye jina linaloonekana la mweusi alihitaji 15. Mkitaka kujaribu, ulizeni kwanza mwanasheria kama inaruhusiwa kwenu, na kabla ya kufikisha jozi 100 msitangaze lolote.

Baada ya vipimo huja ukweli, na hapa watu humtaja mara moja Askofu Mkuu Desmond Tutu na Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, iliyoanza vikao vya kusikiliza watu Aprili 1996. Igeni, ila kwa tahadhari. Nguvu ya tume ile ilikuwa kwamba watu walisikilizwa hadharani, katika lugha zao, kupitia wakalimani, na nchi nzima ikafuatilia redioni na kwenye televisheni. Tena mtesaji hakupewa kinga ya kutoshtakiwa mpaka aeleze yote aliyoyatenda na kuonyesha kwamba yalikuwa ya kisiasa. Huruma ya bure haikuwepo: maombi ya kinga yalikuwa 7,112 na yaliyokubaliwa ni 849.

Kasoro zake ndizo zinazowahusu ninyi zaidi. Tume ilipewa kazi ya kuchunguza mauaji, mateso, utekaji na unyama wa kiwango hicho. Mamilioni waliohamishwa na kunyang'anywa ardhi kwa sheria zilizopitishwa bungeni hawakuingia katika hesabu ya waathirika, jambo ambalo msomi Mahmood Mamdani alilikosoa mapema kabisa. Yaani mtesaji akaonekana, aliyefaidika hakuonekana. Kisha utekelezaji ukalegea. Tume ilipendekeza waathirika walipwe kati ya randi 17,000 na 23,000 hivi kwa mwaka, kwa miaka 6. Mwaka 2003 serikali iliamua kuwapa randi 30,000 mara moja, basi. Na faili za waliokosa kinga, zilizokabidhiwa waendesha mashtaka, nyingi zilikaa kabatini kwa miaka. Watu walitoa siri na machozi yao mbele ya kamera, wakabaki wakisubiri.

Mkishuka hadi ngazi ya mji, anzeni na karatasi kabla ya midomo: mihtasari ya vikao vya halmashauri, ramani za upimaji, rejista za shule, hati za viwanja, barua za kukataliwa mikopo. Ushahidi wa maandishi huwakata kauli wale wanaosema kwamba wazee wanatia chumvi. Ndipo mkusanye simulizi za watu 40 hadi 60, mkianza na wakongwe kwa sababu ambayo haihitaji maelezo. Kikao kimoja kisizidi dakika 90. Wawe wahojaji wawili, angalau mmoja wa jamii ya msimuliaji. Msimuliaji aandike mwenyewe, au aandikiwe na kusomewa, ni sehemu gani iwekwe wazi na ipi ifungwe, kisha apewe nakala yake. Mshauri wa kisaikolojia awepo siku hiyo na awapigie simu wiki moja baadaye, maana wengi huzidiwa wakiwa wamesharudi nyumbani.

Sharti moja msilivunje: kusiwe na simulizi ya hadharani mpaka halmashauri, au taasisi yoyote inayohusika, iwe imetia saini kwamba itajibu mapendekezo kwa maandishi ndani ya siku 90. Bila saini hiyo mtakuwa mnawaita waliobaguliwa waje kulia ili waliofaidika wapate ahueni. Hili ndilo huua kamati nyingi zenye nia njema, na halionekani mara moja. Linajulikana kikao cha tatu, upande mmoja wa ukumbi unapokuwa mtupu.

Sasa msamaha na fidia, jambo ambalo watu hulikwepa kuliko yote. Kuomba radhi kunakoponya kuna sehemu zinazotambulika. Kitendo kitajwe kwa jina, tarehe na sheria iliyotumika, aliyetenda atajwe, hata kama ni ofisi, madhara yatajwe, neno "kama" lisiwepo, maana "kama kuna aliyeumia" ni tusi la pili, na kiasi cha fidia kisemwe siku hiyohiyo. Tena atamke mwenye cheo cha ofisi iliyotenda, si msemaji wake.

Marekani iliwafungia kambini watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani kuanzia mwaka 1942, wengi wao raia wa nchi hiyohiyo. Sheria ya kuomba radhi ilitiwa saini na Rais Ronald Reagan Agosti 1988, ikiwa na dola 20,000 kwa kila aliyekuwa hai siku hiyo. Malipo yalianza Oktoba 1990, wazee wakitangulizwa. Katika hafla ya Washington Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Dick Thornburgh, alipiga magoti ili amkabidhi hundi mzee wa miaka 107 aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu, pamoja na barua ya rais. Mwishowe waliolipwa walizidi 82,000. Kasoro ilikuwa muda: miaka zaidi ya 40 ilikuwa imepita, na waliofariki kabla ya saini hawakuhesabiwa.

New Zealand waliliendea jambo hili kwa kujadiliana na kila kabila la Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, kivyake. Baraza la Waitangi, la kusikiliza madai ya Wamaori dhidi ya serikali, liliundwa mwaka 1975, na mwaka 1985 likaruhusiwa kupokea madai ya kurudi nyuma hadi 1840, mwaka ambao mkataba wa Waitangi ulitiwa saini. Wamaori wa Waikato, walionyang'anywa ardhi baada ya vita vya miaka ya 1860, walifikia makubaliano mwaka 1995: maelezo rasmi ya historia yaliyokubaliwa na pande zote mbili, maneno ya radhi ndani ya sheria ambayo Malkia Elizabeth aliitia saini kwa mkono wake mwenyewe, na fidia ya dola za New Zealand milioni 170, ikiwa ni pamoja na ardhi. Thamani hiyo ni sehemu ndogo tu ya kilichochukuliwa, na Wamaori hawafichi hilo. Hata hivyo kwangu huu ndio mfano bora zaidi kwa upande mmoja: historia iliandikwa kwanza, pesa ikafuata. Pesa ikitangulia huonekana ni ya kufunga midomo.

Nani alipwe? Hapo ndipo mijadala hukwama, na jibu ni kutafuta kigezo chepesi kuthibitika. Kanada, katika makubaliano ya mwaka 2006 kuhusu shule za bweni walikopelekwa kwa nguvu watoto wa watu wa asili, ililipa dola za Kanada 10,000 kwa mwaka wa kwanza shuleni na 3,000 kwa kila mwaka uliofuata. Mtu hakulazimika kuthibitisha alivyoumia, kuwepo shuleni tu kulitosha. Madai ya kupigwa na kunajisiwa yalikuwa na njia yake tofauti. Ilikwama pale rejista za shule zilipokuwa zimepotea, kwa hiyo tangu mwanzo kubalini viapo vya mashahidi wawili mahali pa rejista. Kwa mji mdogo mfano ulio karibu nanyi ni Evanston, jimbo la Illinois. Mwaka 2021 halmashauri iliidhinisha dola 25,000 za nyumba kwa kila mkazi mweusi anayestahili, yaani aliyeishi hapo kati ya 1919 na 1969 au mzao wake wa moja kwa moja. Chanzo cha fedha kilikuwa kimeshatajwa: kodi ya mauzo ya bangi, ambayo huko ni halali. Fidia isiyo na chanzo cha fedha ni hotuba.

Baada ya hayo yote, au angalau yakiwa yameshaanza kuonekana, kukaa pamoja kunaweza kuzaa matunda. Mwanasaikolojia Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba watu wa makundi yanayotazamana kwa chuki hulegezwa na kukutana iwapo mambo manne yapo: wawe na hadhi sawa hapo walipo, wawe na lengo moja, wasilifikie bila kushirikiana, na wakubwa wao waunge mkono. Watafiti Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya tafiti 515 na kuchapisha matokeo mwaka 2006: kwa ujumla kukutana hupunguza chuki, na kunapunguza zaidi masharti hayo yakiwepo.

Sharti la hadhi sawa ndilo huvunjwa zaidi, na mara nyingi kwa nia njema. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoharamisha shule za kibaguzi mwaka 1954, utekelezaji katika majimbo ya kusini ukaja kuwa kufunga shule za weusi na kuwahamishia watoto kwenye shule za weupe. Maelfu ya walimu na walimu wakuu weusi walipoteza kazi. Watoto walichanganywa, lakini kila aliyekuwa na chaki na mamlaka alikuwa wa upande mmoja. Mkiunganisha chochote chenu, iwe shule, kwaya au timu, kaeni kwanza mwamue uongozi, jina, jengo na ratiba vitagawanywaje. Ikiwa jamii moja ndiyo inayohama kila mara na nyingine ndiyo inayopokea wageni, bado hamjaungana.

Njia nzuri kwa darasa ni ile aliyoibuni mwanasaikolojia Elliot Aronson mjini Austin, Texas, mwaka 1971, shule zilipochanganywa na ugomvi ukazuka. Darasa hugawanywa katika vikundi vya watoto 5 au 6 wa mchanganyiko. Somo hukatwa vipande vingi kama watoto, na kila mtoto hupewa kipande chake peke yake. Kwanza wenye kipande kinachofanana katika vikundi vyote hukutana wakakielewa, kisha kila mmoja hurudi kuwafundisha wenzake. Mwisho kila mtoto hufanya mtihani wa somo zima, kwa hiyo anayemdharau mwenzake anajinyima alama. Hutibuka mwalimu asipoingilia kati mtoto mmoja anapotawala maongezi, au kipande kimoja kinapokuwa kigumu mno kuliko vingine. Mpeni mwalimu wiki 3 za kuzoea kabla ya kumkagua.

Kwa watu wazima, michezo na kazi za pamoja hufaa, mradi msiahidi makubwa. Mtafiti Salma Mousa aliwachanganya Wakristo na Waislamu kwenye timu za mpira nchini Iraki baada ya vita vya kundi la Dola la Kiislamu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Mgawanyiko ulikuwa wa dini, lakini somo ni lilelile. Wakristo waliochanganywa walikuwa wepesi zaidi kujiandikisha tena kwenye timu ya mchanganyiko na kuendelea kufanya mazoezi na Waislamu miezi kadhaa baadaye. Nje ya uwanja, kwa Waislamu wasiowajua, mabadiliko yalikuwa hafifu. Wanaolala chumba kimoja huenda mbali zaidi: katika Chuo Kikuu cha Cape Town wanafunzi waliopangiwa chumba kwa bahati nasibu na mtu wa rangi nyingine walifuatiliwa, na weupe walipunguza dhana mbaya kuhusu weusi, huku matokeo ya masomo ya weusi yakipanda. Muda na ukaribu ndivyo vinavyofanya kazi. Chini ya wiki 10 za kukutana kila wiki sidhani kama mtaona kitu.

Serikali huweza kulazimisha ujirani. Singapore tangu 1989 huweka ukomo wa kila jamii katika nyumba za umma; kwa Wamalei ni asilimia 22 ya mtaa na 25 ya jengo. Mitaa haikugeuka ya rangi moja, ila mmalei au mhindi anayetaka kuuza nyumba mahali ambapo mgao wa Wachina umejaa hupata wanunuzi wachache na huenda akauza kwa bei ya chini. Mwaka 2022 mamlaka ya nyumba ilianza kuwanunulia waliokwama. Sera ya mchanganyiko ina gharama, na gharama hiyo ikiachwa ijiangukie tu humwangukia mdogo.

Semina ya siku moja? Pesa hiyo walipeni wanaokusanya takwimu. Semina huongeza msamiati wa washiriki, tabia zao hubaki zilivyokuwa.

Kuhusu kamati yenyewe, watu 12 ni sawa, mradi uenyekiti uwe wa wawili, mmoja kila jamii, na mwenye ufunguo wa akaunti asiwe wa jamii ya mtunza kumbukumbu. Walipeni wote posho sawa, maana kazi ya kueleza ubaguzi kwa kawaida huwaangukia waliobaguliwa, tena bure. Andaeni mapema utaratibu wa saa 48 kwa siku ambayo polisi watamuumiza mtu au uvumi mbaya utazagaa: nani anaongea na familia, nani anathibitisha habari, nani anatoa tamko la pamoja. Siku hiyo itakuja, na kamati isiyo na utaratibu huu husambaratika hapohapo.

Na yule anayesema hajawahi kumbagua mtu, msibishane naye. Huenda ni kweli. Muulizeni mambo anayoyatawala. Ikiwa ana nyumba za kupangisha, wapangaji wake 10 wa mwisho aliwapata vipi? Mara nyingi atasema aliulizia kwa jamaa na marafiki, na jamaa na marafiki hao wote ni wa rangi moja, kwa hiyo habari ya chumba kilicho wazi haikuwahi kufika upande wa pili. Hakumchukia mtu, na bado wapangaji 10 kati ya 10 ni wa kwao. Mwombeni nyumba itakayofuata aitangaze mahali ambapo jamii zote mbili husoma matangazo, apokee maombi kwa siku 14, ayaandike kwenye daftari kwa tarehe, na masharti yake ya kodi na dhamana yawe yameandikwa kabla. Akikubali, daftari mpeni hapohapo, na mrudi kulitazama pamoja naye baada ya miezi 6.